Daraja la Reli Mjini Kwenu Lilijengwa Lini?

Kila mji uliopitiwa na reli ya zamani una daraja ambalo umri wake unajulikana na wote, ilimradi usiulize mwaka. Upande wa Tanzania utaambiwa ni la Mjerumani. Upande wa Kenya utaambiwa ni la Mwingereza, na kwamba mawe yake yalichongwa na Wahindi. Daladala na matatu hupita chini yake kutwa, treni ikipita juu watu huinua macho, basi yameisha. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi historia ya mtaa wao, mhandisi anayeambiwa barabara ipanuliwe, au mtu tu aliyezaliwa jirani na reli na kutaka kujua, wote hukwama mahali pamoja: hakuna bango, hakuna kitabu, na ofisini wanakuelekeza ofisi nyingine.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kujikwamua. Ushauri wangu mkuu ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: usilitafutie daraja tarehe moja. Daraja la reli juu ya barabara ni vitu vinne vilivyokutana mahali pamoja: njia ya reli, kuta na nguzo zinazoibeba, boriti za juu, na barabara inayopita chini. Ni mara chache vinne hivi kuwa na umri sawa. Watafiti wengi wanaobishana juu ya daraja moja huwa wote wako sahihi, ila kila mmoja ameshika tarehe ya kitu chake.

Anza na njia ya reli

Hii ndiyo tarehe rahisi kuliko zote, na ndiyo itakayokuwekea mipaka. Daraja la kwanza la treni mahali hapo haliwezi kuwa la kabla ya reli yenyewe kufikiriwa, na ukishajua mwaka treni ilipofika unajua pa kuanzia kutafuta.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901. Tawi la Thika lilifika 1913, na njia kuu ya kupitia Eldoret ikafika Kampala 1931. Kwa upande wa Tanga, Wajerumani walianza 1893, wakafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909 na Moshi 1911. Kipande cha Moshi hadi Arusha ni cha Waingereza, cha mwaka 1929. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Tawi la Tabora hadi Mwanza ni la 1928. Kiungo cha Ruvu hadi Mnyusi, kilichounganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga, ni cha 1963, baada ya Uhuru wa Tanganyika. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975.

Kama hujui daraja lako liko kwenye njia ipi, upana wa reli utakuambia. Reli za wakoloni katika nchi zetu nyingi ni za mita moja. TAZARA ina milimita 1,067, kwa sababu ililazimika kuungana na reli za kusini mwa Afrika. Reli mpya ya SGR, Kenya na Tanzania, ina milimita 1,435. Huna haja ya kupanda juu kupima: picha nzuri iliyopigwa kwenye kivuko cha karibu, penye ruhusa ya kuvuka, inatosha kutofautisha.

Mipaka hii tu itaondoa nusu ya uvumi. Mtu akikuambia daraja la njia ya Ruvu hadi Mnyusi ni la Mjerumani, unajua ya kujibu.

Treni kufika si daraja kukamilika

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanakuta kwenye kitabu kwamba reli ilifika mjini kwao mwaka fulani, wanaandika daraja ni la mwaka huo. Wajenzi wa reli hawakusubiri daraja. Waliweka la muda la mbao au walichepusha njia, wakavusha reli ili vifaa viendelee mbele, kisha wakaacha kikosi nyuma kijenge la kudumu.

Mfano ulio maarufu ni wa mto Tsavo, Kenya. Reli ilikwisha kuvuka mto ule John Henry Patterson alipofika Machi 1898 kusimamia ujenzi wa daraja la kudumu. Kazi yake ilisimamishwa na simba wawili waliokuwa wakiwala vibarua, mpaka alipowaua Desemba mwaka huo. Daraja lilikamilika Februari 1899. Kwa hiyo treni ilipita mahali hapo karibu mwaka mzima kabla ya daraja tunalolisimulia. Pale Makupa ni vivyo hivyo: kisiwa cha Mombasa kiliunganishwa na bara kwa daraja la mbao kwanza, la chuma likafuata.

Usidhani pia kwamba reli ya Mwingereza ina chuma cha Mwingereza. Kwenye mteremko wa Mau, kuelekea Ziwa Viktoria, madaraja marefu 27 ya chuma yalitengenezwa na American Bridge Company ya Marekani, ambayo ilituma na mafundi wake kuja kuyasimamisha. Viwanda vya Uingereza vilishindwa kwa bei na kwa muda, na jambo hilo lilizua manung'uniko bungeni London. Manung'uniko hayo leo ni faida kwetu, kwa sababu yaliandikwa.

Baada ya ujenzi wa kwanza kuna mambo matatu yanayobadilisha daraja, nawe uyaulizie yote matatu.

La kwanza ni vita. Mwaka 1916 Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Uingereza ya Jenerali Smuts, walilipua madaraja ya Reli ya Tanga na ya Reli ya Kati. Wahandisi wa jeshi la Uingereza waliyarudisha haraka kwa mbao na mataruma yaliyopangwa, na ya kudumu yakafuata baadaye. Daraja la njia hizo linaweza kuwa na nguzo za Mjerumani na boriti za Mwingereza, na wazee wa pande zote mbili za mabishano wakawa wamesema kweli.

La pili ni uzito. Reli za mwanzo za njia ya Uganda zilikuwa nyepesi, za ratili 50 kwa yadi. Kuanzia 1926 zilikuja injini za mvuke za aina ya Garratt, na mwaka 1955 zikaingia za aina ya 59, zenye uzito wa tani 252 na mzigo wa tani 21 kwa kila ekseli. Hizo ndizo zilizokuwa injini kubwa kuliko zote za mvuke duniani kwenye reli ya mita moja. Ukitaka kuona ukubwa wake, mbili zimehifadhiwa Makumbusho ya Reli, Nairobi. Injini ya namna hiyo haipiti juu ya boriti zilizopigiwa hesabu ya miaka ya 1890. Kila zilipoletwa injini nzito zaidi, madaraja ya njia husika yalikaguliwa, mengine yakaimarishwa, mengine yakabadilishwa boriti na kuachiwa nguzo zake.

La tatu ni maji. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kwenye Reli ya Kati kimesombwa na mafuriko mara nyingi mno, na kila mara tuta, kalvati au daraja hujengwa upya. Mvua kubwa za 1961 na za El Niño za 1997 na 1998 zimeacha alama karibu kila njia. Daraja linalovuka barabara na korongo kwa pamoja lisomwe kwa kuzingatia miaka hiyo.

Reli na barabara, nani alitangulia?

Swali hili ndilo linalolitenga daraja la juu ya barabara na madaraja mengine, na ndilo wanalolisahau wengi.

Reli ilipokuwa ikijengwa, njia kuu za bara zilikuwa za misafara ya miguu, na chache za mikokoteni ya ng'ombe. Magari hayakuwapo. Mjenzi hakuwa na sababu ya kutumia fedha kupitisha treni juu ya njia ya miguu. Palipokutana reli na njia, watu walivuka juu ya reli. Madaraja mengi ya mwanzo yalijengwa kwa ajili ya maji. Magari yalipoongezeka na miji ikakua, ndipo yakatokea mambo mawili: ama tundu lililoachwa kwa ajili ya maji ya mvua liligeuzwa kuwa njia ya magari, ama tuta la reli lilikatwa na daraja jipya likawekwa ili kuondoa kivuko cha hatari.

Basi ukifika darajani, tafuta dalili. Barabara ikiwa imeinama chini ya daraja na maji hutuama pale kila mvua inaponyesha, huenda ilichimbwa ili magari yenye kimo yapite, au ilikuwa mkondo wa maji tangu mwanzo. Ikiwa mtaa unapinda ghafla kulifuata daraja, kisha unarudi kwenye mstari wake upande wa pili, daraja lilikuwapo kabla ya mtaa. Ikiwa barabara imenyooka na daraja ndilo lililokaa mshazari, huenda barabara ilitangulia, au daraja lilijengwa mahususi kwa ajili yake. Angalia na jirani: mtaa unaoishia ukutani mwa tuta la reli, mkabala na mtaa mwingine unaoishia hivyo hivyo upande wa pili, ni kivuko cha zamani kilichofungwa. Kivuko hufungwa kwa tangazo, na tangazo huwa na tarehe.

Kulisoma daraja lenyewe

Kabla ya makaratasi, nenda ukaliangalie. Nenda na daftari, kamera, kamba ya kupimia, na fimbo iliyopigwa alama kila nusu mita. Simamisha fimbo karibu na ukuta upige picha. Baadaye utaweza kukadiria kimo bila kupanda popote.

Pima uwazi kati ya kuta, na urefu wa boriti kama mwisho wake unaonekana. Kisha fanya hesabu ndogo inayofichua mengi. Mjerumani alijenga kwa mita, Mwingereza kwa futi. Ukipata mita 6.10, hizo ni futi 20, mita 12.19 ni futi 40, mita 18.29 ni futi 60. Ukipata mita 8 au 10 kamili kwenye njia iliyojengwa na Wajerumani, una sababu ya kuzishuku kuta hizo kuwa zao. Kipimo kimoja peke yake si ushahidi, maana wahandisi wa baada ya Uhuru nao wamejenga kwa mita. Lakini kuta za mita kamili zilizobebeshwa boriti za futi kamili zinakueleza kwamba vitu viwili vya nyakati mbili vimekutana.

Tazama kuta kwa makini. Mawe ya kuchongwa yenye juu yake tabaka la zege jipya huonyesha kwamba daraja liliinuliwa au boriti zilibadilishwa. Vishimo vitupu na vibao vya mawe visivyobeba kitu ni mahali zilipokalia boriti za zamani. Zege lenye alama za mbao nyembamba nyembamba za umbo lake mara nyingi ni la zamani kuliko lile laini lililomwagwa kwenye mabati au mbao pana. Ukuta mpana kuliko reli inavyohitaji unaweza kumaanisha walikusudia njia mbili, wakaishia na moja.

Kwenye chuma, anza na viungo. Ribiti, vile vichwa vya mviringo vilivyopangwa safu safu, ndizo zilizotumika tangu karne ya 19 hadi karibu miaka ya 1950. Baada ya hapo nati na bolti za nguvu na uchomeleaji vikashika nafasi. Daraja la ribiti lenye bolti chache sehemu fulani limetengenezwa upya mahali hapo. Kisha tafuta maandishi. Viwanda vilivyoviringisha chuma vilikuwa na desturi ya kuacha jina lao kwenye tumbo la boriti, likijitokeza kidogo juu ya chuma: majina kama Dorman Long ya Uingereza, Krupp au Gutehoffnungshütte ya Ujerumani, Carnegie ya Marekani. Rangi nyingi huyafunika, ila mwanga wa jua wa asubuhi au jioni, unaokuja ubavuni, huyatoa. Tafuta pia kibao cha chuma cha kutupwa chenye jina la mkandarasi, mji na mwaka.

Kibao kikisema 1927, kimekuambia mwaka chuma kilipotengenezwa. Hakijakuambia mwaka kiliposimamishwa hapo. Shirika la reli halitupi boriti nzima: linapoweka nzito kwenye njia kuu, nyepesi zinaweza kuhamishiwa tawi dogo. Njia ikifungwa, vifaa vyake hutafutiwa kazi. Reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo boriti inaweza kuwa kongwe kuliko ukuta unaoibeba, na tawi lenyewe likawa changa kuliko vyote viwili.

Herufi zilizopakwa au kuchongwa nazo zina umri wake. UR ni Reli ya Uganda. Mwaka 1926 jina likawa Reli ya Kenya na Uganda, na baadaye pakaongezwa bandari, ndiyo KURH. Tanganyika ilikuwa na TR yake. Mei 1948 zikaunganishwa zikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, EAR&H. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 kila nchi ikawa na shirika lake. Herufi ya chuma ina uzito kuliko ya rangi, kwa kuwa rangi hupakwa na kila anayekuja.

Mwisho wa ziara, nakili namba ya daraja au kilometa iliyoandikwa ukutani au kwenye nguzo ya karibu. Usiondoke bila hiyo. Ofisini hawalijui daraja kwa jina la mtaa wenu. Wanalijua kwa umbali wake kutoka mwanzo wa njia. Kumbuka kwamba majalada ya zamani ya Waingereza yanahesabu kwa maili: Nairobi iko kwenye maili 327 hivi kutoka Mombasa. Ukitafuta maili kwa namba ya kilometa utatua kaunti nyingine.

Kibali kwanza

Reli ni mali inayolindwa. Kuingia kwenye njia bila ruhusa ni kosa, na wizi wa vyuma umefanya mtu yeyote mwenye kamera na kamba ya kupimia chini ya daraja aonekane mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuja kufanya makadirio. Andika barua kwa shirika la reli, upate jibu la maandishi, kisha upite kwa mwenyekiti wa mtaa au chifu ujitambulishe. Nakala ya barua ikae mfukoni. Mtafiti mgeni atahitaji pia kibali cha utafiti, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya.

Kazi yako ifanyie barabarani, si juu ya reli. Na pale reli mpya ya Tanzania inapokaribiana na ya zamani, jihadhari na nyaya za juu: treni zile zinatumia umeme wa volti 25,000. Usiinue fimbo wala kamba ya chuma karibu nazo, na usirushe droni bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Makaratasi yako wapi

Mtafiti mpya huenda makavazini akaomba "faili la daraja". Faili la namna hiyo ni nadra. Majalada yalifunguliwa kwa idara, kwa njia na kwa ugomvi, na ugomvi ndio utamu wenyewe. Daraja la reli juu ya barabara lina wenye mali wawili: reli ni ya shirika, barabara ni ya idara ya ujenzi au ya manispaa. Lilipotakiwa kujengwa au kupanuliwa, ilibidi wakubaliane nani alipe, na hawakukubaliana upesi. Barua zao hubeba michoro, makadirio ya gharama, kimo kilichotakiwa na idadi ya magari. Kwa hiyo usiishie kwenye majalada ya reli. Omba ya idara ya ujenzi, ya mkuu wa wilaya na ya baraza la mji kwa miaka ile ile.

Kwa Kenya, mlango wa kwanza ni Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, na baada yake Makumbusho ya Reli karibu na stesheni, yaliyofunguliwa 1971. Kwa Tanzania ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo pamoja na majalada ya Waingereza inatunza majalada ya serikali ya Wajerumani. Ukikwama kwa Kijerumani, usikimbie. Maneno mawili ya kuyatambua kwenye mchoro yanatosha kuanzia: Brücke ni daraja, Durchlass ni kalvati. Mengine mtafutie mtu wa kukusomea.

Nje ya nchi, majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Bundesarchiv, Berlin, kwenye fungu la R 1001, na yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Uingereza, kwenye makavazi ya Kew, mawasiliano ya Kenya yako fungu la CO 533, ya Tanganyika CO 691, na shajara za vikosi vya jeshi, vikiwemo vilivyorudisha madaraja ya 1916, ziko WO 95. Picha za zamani ziko kwenye mkusanyo wa Royal Commonwealth Society katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, na picha za zama za Wajerumani katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Unapolinganisha picha ya kale na ya leo, usilinganishe daraja, maana ndilo lililobadilika. Linganisha mlima ulio nyuma na mpindo wa mto.

Katika vilivyochapishwa, tafuta ripoti ya mwisho ya Kamati ya Reli ya Uganda ya 1904, juzuu mbili za M. F. Hill ziitwazo Permanent Way, la kwanza kwa Kenya na Uganda na la pili, la 1957, kwa Tanganyika, na kitabu cha Franz Baltzer cha 1916 kuhusu reli za makoloni, Die Kolonialbahnen. Gazeti rasmi la Serikali ya Kenya, lililoanza 1899, limenakiliwa kidijitali na linatafutika kwa neno. Humo ndimo yalimo matangazo ya zabuni na ya kufungwa kwa vivuko. Magazeti ya Kiswahili nayo yasisahauliwe: Kiongozi la Tanga la zama za Wajerumani, na Mambo Leo lililoanza 1923, yaliandika habari za miji ambazo gazeti la walowezi halikuziona.

Unapotafuta, tumia jina la mto, stesheni na maili, na tumia tahajia ya zama hizo. Kisumu ilikuwa Port Florence. Lushoto ilikuwa Wilhelmstal. Kilosa iliandikwa Kilossa, Muheza ikaandikwa Muhesa. Na ujue kwamba watu wa reli hutazama dunia wakiwa juu ya reli: daraja linalobeba treni juu ya barabara, kwao liko chini ya njia, hivyo kwenye orodha zao za Kiingereza litafute chini ya neno underbridge. Idara ya barabara huweza kuliita kinyume.

Ramani zitakusaidia kufunga mipaka. Chukua ramani mbili za mji wenu za miaka tofauti, za vipimo vya 1:50,000 au kubwa zaidi, kutoka idara ya upimaji na ramani. Ya kwanza ikionyesha kivuko na ya pili daraja, umeshapata miaka ambayo jambo lilitokea kati yake. Picha za angani za miaka ya 1940 na 1950, zinapopatikana, ni bora kuliko ramani, kwa sababu mchoraji hakupata nafasi ya kunakili kosa la mwenzake.

Kuwauliza wazee

Wastaafu wa reli wapo, na wengi bado wanaishi karibu na kota za reli au stesheni walizohudumu. Nenda kwa adabu, shikamoo kwanza, na usiende na dodoso. Ukimwuliza mzee, "Daraja hili lilijengwa mwaka gani?" atakupa mwaka ili kukuridhisha. Mwulize anachokikumbuka kwa mwili wake: "Mzee, ulipoajiriwa daraja lilikuwa na boriti hizi hizi? Magari yalipita chini au yalisubiri getini? Wakati wa mafuriko ya sitini na moja treni ilipita? Lilipobadilishwa, treni zilikuwa za mvuke au za dizeli?" Majibu hayo utayapanga kwenye miaka mwenyewe. Akina mama waliouza chakula stesheni huwa na kumbukumbu nzuri ya vikosi vya ujenzi, kwani ndio waliowalisha, tena wengine wanawadai.

Waulizie na waliolijenga. Kwenye Reli ya Uganda waliletwa takriban vibarua 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 walikufa. Reli za Wajerumani zilijengwa hasa na Waafrika, Wanyamwezi wengi miongoni mwao. Kibao cha chuma hakina jina hata moja la hao. Jina la nyapara au fundi mwashi likitajwa na mjukuu wake, liandike, hata kama huna karatasi ya kulithibitisha, useme tu kwamba limetoka kwa mjukuu. Fanya hivyo hivyo na ile hadithi inayosimuliwa karibu kila daraja, kwamba kuna watu walizikwa ndani ya nguzo. Iandike kama hadithi ya wenyeji. Isiingie kwenye safu ya tarehe.

Namna ya kuandika ulichopata

Kazi nyingi nzuri huharibika hapa mwishoni, pale mtafiti anapokusanya yote na kuyabana kwenye sentensi moja: "Daraja hili lilijengwa mwaka 1908." Andika mistari minne badala ya mmoja, na kila mstari useme umejuaje.

Tuchukulie daraja la kubuni kati ya Morogoro na Dodoma. Mstari wa reli utasema: njia ilijengwa kati ya 1907 na 1910, kwa mujibu wa historia ya Reli ya Kati. Mstari wa kuta: huenda ni za awamu hiyo, kwa kuwa uwazi ni mita 8 kamili na mawe ni ya kuchongwa, haijathibitishwa kwa mchoro. Mstari wa boriti: zina jina la kiwanda cha Uingereza, hivyo yamkini si za kabla ya 1916, na zimeungwa kwa ribiti, hivyo yaelekea si za baada ya miaka ya 1950. Mstari wa barabara: kivuko kinaonekana kwenye ramani ya kwanza na hakipo kwenye ya pili, wastaafu wawili, walioulizwa kila mmoja peke yake, wanasema magari yalianza kupita chini baada ya Uhuru.

Taarifa ya namna hiyo mhandisi anaweza kuitumia kuamua kama kuta zitastahimili kupanuliwa, na mwalimu anaweza kuifundisha bila woga wa kuumbuliwa. Toa nakala: moja kwa mhandisi wa reli wa wilaya, moja kwa shule iliyo karibu, moja kwa ofisi ya kata au ya chifu, moja kwa makumbusho. Mstari usioweza kuujaza uache wazi, na chini yake uorodheshe majalada uliyofungua bila kupata kitu, ili atakayekuja baada yako aanzie pale ulipoishia.